Diski ya Chini

Kompyuta ya Solveig iligoma kuwaka. Ati haioni sehemu ya kuwashia! Linux, mfumo wa kompyuta aliyoilea mwenyewe miaka yote hiyo, leo inajifanya haimjui. Na ndani yake mlikuwa na programu ya kuyapangia njia magari ya kuondoa theluji. Yeye na rafiki yake Duane waliiandika wawili tu, katika chumba cha chini cha nyumba ya Solveig hapa mjini Duluth, wakaapa kuigawa bure kwa kila mji mdogo. Walipanga kuigawa Jumamosi.

Akampigia Duane simu.

"Wee, mashine imekufa. Uliigusa jana nilipokuacha huku chini?"

"Mimi? Thubutu!" Duane akacheka, kisha akasita. "Ila usiifungue, Sol. Nakuja."

Tangu lini Duane akashika bisibisi? Solveig akaiwasha kwa flashi, akaiamuru imtajie sehemu zote za kuwashia. Zikatoka mbili, zenye kitambulisho kilekile, herufi kwa herufi. Hilo halitokei hivihivi. Ni mpaka mtu anakili diski nzima bila kubadilisha kitambulisho, na hapo mashine haijui ifuate ipi.

Akafungua kifuniko. Chini ya diski yake ilichomekwa nyingine, mpya, yenye nembo ya kampuni iliyotaka kuinunua programu yao na kuifungia, asiyelipa asiipate. Duane ndiye aliyewatukana watu wale kuliko yeye!

"Mshenzi amenizunguka," akasema. Iliuma, jamani. Mtu aliyekula naye supu jikoni juzi tu.

Akaichomoa diski ile. Mashine ikawaka palepale. Hakungoja Jumamosi, aliiweka programu mtandaoni, kila mtu aichukue.

Duane akaingia bila kuvua buti, yeye aliyekuwa akizivua mlangoni siku zote.

"Imewaka?"

"Imewaka."

Duane akaiona diski mezani. Rangi ikamtoka.

"Sol, ngoja nikueleze. Nina shida zangu…"

"Ichukue, wapelekee. Ila waambie dunia nzima inayo sasa, bure."

"Umeiachia? Bila mimi?"

"Ulikuwa mwenzangu, Duane! Kwenye orodha ya walioiandika nilitanguliza jina lako, langu likafuata."

Duane akatazama kioo cha kompyuta, akalitafuta.

"Nimelifuta," Solveig akasema. "Funga mlango ukitoka, baridi inaingia."