Kura Moja ya Ndoo

Karatasi ya matokeo ya uchaguzi ilibandikwa kwenye mlango wa darasa la chekechea, juu ya michoro ya watoto. Ngazi: 287. Ndoo: 1. Kila asubuhi Mwalimu wa darasa hilo aliipita macho chini, haraka, kama anayemkwepa mtu anayemjua.

Ile moja ilikuwa yake.

Mtaa ule ulikuwa wa chama cha Ngazi tangu nyumba ya kwanza ilipoezekwa. Watu wa Ndoo walikaa ng'ambo ya barabara kuu, na hata paka walijua mpaka. Na Mwalimu hakuolewa kwingine ila nyumbani kwa Katibu wa tawi la Ngazi, mtu ambaye siku ya kuhesabu alikaa kwenye chumba cha kuhesabia akisaidia kukunjua kura kwa mikono yake mwenyewe. Mumewe, fundi umeme, alikuwa safarini kikazi wiki tatu kati ya nne. Mezani walibaki Katibu, mkewe na mkwe wao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Katibu asubuhi ya nne baada ya matokeo, akinyoosha kikombe. "Mtu huyo anacheka nasi, anatusalimia!"

Mwalimu alimimina chai. Ikafurika mpaka kwenye sahani.

"Taratibu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Unamimina kama aliyeiba."

"Kwani, Baba, kura si siri?"

"Siri ni ya watu wawili. Ya watu mia tatu ni umbea." Katibu alicheka peke yake. "Hata hivyo tumeshamjua. Ni kinyozi."

Kinyozi alihamia mwaka juzi kutoka ng'ambo. Ushahidi wote ulikuwa huo.

Siku ile Mwalimu alifagia darasa mara mbili, akahesabu chaki, akazihesabu tena. Hakuwa mtu wa siasa. Ila mgombea wa Ndoo, nesi mstaafu mwenye viatu vilivyochakaa visigino, alipita nyumba kwa nyumba, akazungumza na Katibu kwa adabu, kisha akamgeukia yeye aliyesimama na sinia mlangoni: "Na wewe, mwanangu, unataka nini?" Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumuuliza. Jibu lake alilitumbukiza kwenye sanduku la kura.

Sasa jibu hilo lilikuwa linamla mtu mwingine. Wanaume wa mtaa waliona heri kutembea na ndevu kama magugu kuliko kukalia kiti cha kinyozi. Kuna aliyemtundikia mlangoni ndoo iliyotoboka. Na mchana, akirudi kutoka shuleni, Mwalimu alimkuta kinyozi juu ya stuli, bisibisi mkononi, akifungua kioo chake kikubwa ukutani.

Alipita. Akafika kwenye kona. Akarudi.

"Unahama?"

"Wiki hii kioo kimeona uso wangu tu, Mwalimu. Kimechoka."

"Kirudishe. Nataka kunyolewa."

"Kupunguzwa?"

"Zote."

"Dada yangu, baba mkwe wako atanikata shingo kwa wembe wangu mwenyewe."

Lakini Mwalimu alikuwa ameshakaa, kitambaa amejifunga mwenyewe. Mashine ikaanza kunguruma. Nywele zilimdondokea mapajani, na kichwa kilipofika nusu, akasema harakaharaka, kabla ujasiri haujamtoroka:

"Ile kura ni yangu. Nisamehe."

Mashine ikazimwa.

"Haiwezekani," alisema kinyozi.

"Najua ningesema mapema, ila nyumbani..."

"Sikulaumu, dada. Nasema haiwezekani. Ile ni yangu. Nilimpa yule nesi. Siku zote hizi nimekaa hapa nikijiambia, basi, acha wakasirike, si kwamba wamenionea."

Walitazamana kwenye kioo kilichoning'inia upande mmoja.

"Moja na moja ni ngapi, Mwalimu?"

"Hata watoto wangu wanajua," alisema kwa sauti ndogo. "Nimalizie."

Alitoka upepo ukimpiga utosini. Mapazia yalisogea dirisha kwa dirisha. Miguu ilitaka kukimbia, akaikatalia.

Katibu alikuwa mezani na chai ya jioni. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka akikunja nguo.

"Mungu wangu! Nani kakufanyia hivyo?" alimaka Katibu.

"Kinyozi, Baba. Nimelipa na nimemshukuru." Alishika mgongo wa kiti ili mikono ipate kazi. "Kura ya Ndoo ni yangu. Msimsumbue tena."

Katibu aliinua kikombe, akakisimamisha hewani.

"Yako? Kwenye nyumba yangu?"

"Yangu. Ila na yeye ameipigia Ndoo." Aliachia kiti, akainua vidole viwili kama darasani. "Sasa ya kinyozi iko wapi?"

"Kinyozi ni mwongo!" Kikombe kilikosa sahani, kikagonga meza. "Ilisomwa moja! Watu wote walisikia ikisomwa moja!"

Mama mkwe alilaza shati juu ya goti, akalinyoosha kola polepole, kama kawaida yake.

"Na yangu, baba watoto?" aliuliza bila kuinua macho. "Na yangu umeiweka wapi?"

Macho ya Katibu yalikimbilia nyuma ya mlango, lilipotundikwa koti alilovaa siku ile ya kuhesabu, mfuko mmoja bado umetuna, kisha yakarudi mbio kwenye chai. Lakini wanawake wawili walikuwa wameshayaona yalikokwenda, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuinuka.