Bustani Iliyomzunguka Edwin Budden

Jumatatu ya mwisho ya Septemba, mzee Edwin Budden alikuwa anachimba viazi mbele ya nyumba yake katika kijiji cha Wintercombe, huko Dorset, watu wa mwenye shamba walipofika kuchukua funguo. Hawakuja kwa shari. Msimamizi alivua kofia, akauliza hali ya mgongo wake, kisha akamkumbusha kwamba nyumba za safu ile zimeuzwa na kwamba lori la kuhamisha vyombo liko njiani. Edwin alizaliwa katika nyumba ile, na tangu aache shule alikuwa akikata nyua za miti za shamba lile. Akajibu kwamba amesikia, atakuja akimaliza tuta.

Tuta likaisha, hakuja. Msimamizi alipomfuata alimkuta amesimama wima akitazama barabara, uma wa kuchimbia umelala kando, buti zimepasuka soli, na miguu imezama udongoni hadi vifundoni. Wapakizi wawili waliofika na lori wakamshika kwapani wakavuta. Akasema wanamuumiza. Mmoja akapiga magoti, akafukua kidogo kwa mkono, akaona mizizi ya rangi ya hudhurungi, minene kama karoti, ikienda nyuma kuelekea nyumba. Akaifunika tena, akaupigapiga udongo kwa kiganja.

"Huyu kashika," alimwambia msimamizi.

Wakanywa chai, kisha wakapakia vyombo. Kitanda, kabati na saa ya ukutani vilipita pembeni mwa Edwin vikielekea getini. Aliwaelekeza namna ya kulilaza kabati ili lipite mlangoni, akisema yote hayo bila kugeuka, kwa kuwa hakuweza kugeuka.

Binti yake, Hilary, alikuwa amemwandalia chumba nyumbani kwake mjini, ghorofa ya tatu. Jioni ile aliteremka kwenye basi, koti la mvua la baba yake likiwa mkononi.

"Baba, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nilikuwa nimesimama tu."

Akamvisha koti, akamfunga vifungo hadi shingoni.

Daktari alikuja, akasikiliza moyo, akasema unapiga vizuri ila kwa mwendo wa pole, na kwamba mambo ya mizizi si ya upande wake. Bibi mmoja wa idara ya makazi ya halmashauri naye alikuja, akaeleza kwa upole kwamba kwa kuwa mzee ana mahali pa kusimama, hawezi kuhesabiwa kuwa hana mahali pa kukaa. Wa mwisho kuja alikuwa afisa wa halmashauri wa kulinda miti. Huyu alimzungusha Edwin utepe wa kupimia kifuani, akamfungia kibati kidogo kwenye tundu la kifungo, akatangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku kumkata, kumng'oa wala kumhamisha bila kibali. Hivyo mtu ambaye kama mpangaji hakuruhusiwa kubaki hata hadi Krismasi, kama mti aliruhusiwa kubaki daima. Hilary aliuliza kama ulinzi huo unahusu na nyumba. Afisa akasema hapana, unahusu kilichoota tu.

Walionunua nyumba walikuwa mume na mke wa London, Julian na Philippa Vane, waliokusudia kuja kila mwisho wa juma tu. Waliambiwa mapema kuhusu Edwin. Philippa aliuliza kama anavuta sigara. Alipoambiwa aliacha zamani, akaridhika, na siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kumpa mkono, akamwambia ajisikie yuko kwake.

Philippa hakuwa mtu mbaya. Tangu utoto alikuwa akitamani bustani ya kijijini ya Kiingereza, ile inayochorwa kwenye mifuniko ya makopo ya biskuti: njia ya matofali iliyopinda, waridi linalotambaa juu ya mlango, maua marefu nyuma na mafupi mbele, yote yakisongamana kana kwamba yameota yenyewe bila mtu kuyapanga. Aliipanga majira yote ya baridi kwa kalamu za rangi. Bustani ya Edwin ilikuwa ya viazi, vitunguu vya liki, kabichi na maharagwe, na maua yake yalikaa ukingoni, pale ambapo mboga isingekubali. Katika mchoro wa Philippa mboga hazikuwamo. Edwin alikuwamo. Alikuwa duara dogo la kijani karibu na kati, maana bustani ya namna ile huhitaji kitu kirefu cha kulituliza jicho.

Ikawa anatafutwa mtu wa kuchimba na kupanda. Hilary alikuwa anapanda mabasi mawili kila Jumapili kumletea baba yake supu, naye akaona ni afadhali aje kwa kazi. Akaacha jiko la shule alikokuwa akipika. Philippa alifurahi sana.

"Utaona raha, Hilary mpenzi. Kwako itakuwa kama nyumbani kabisa."

Hilary akasema ndiyo.

Alianza mwezi Machi, udongo ulipoacha kushika koleo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatoa matuta. Viazi vilivyosahaulika ardhini vilikuwa vimeanza kuchipua, akavitupa kwenye toroli kimoja kimoja, baba yake akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Unachimba kama mtu anayetafuta maiti," Edwin alimwambia. "Inua uma, usiukandamize."

"Baba, wewe umesimama tu hapo. Acha wenye kazi wafanye kazi."

"Na hivyo viazi unavipeleka wapi?"

"Kwenye mboji."

"Viazi vizima?"

Hilary akatupa kingine. Alipofika karibu na miguu ya baba yake aliuweka uma chini akatumia mikono, kwa kuogopa kumkata mzizi. Pale udongo ulikuwa wa vuguvugu. Edwin akasema anasikia kutekenywa, wakacheka wote wawili. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Baadaye zikaja samadi na matofali ya zamani, kisha miche kutoka kitaluni, kila mmoja katika kikopo chake. Hilary alipanda lavenda kandokando ya njia. Alipanda yale maua ya buluu yanayosimama kama mishumaa, na yale ya kengele za zambarau ambamo nyuki huingia mzima mzima, na yale marefu yanayoegemea ukuta kama watu wanaongojea basi. Philippa alikuwa akipita nyuma yake na mchoro, akihamisha mche hatua moja kushoto, mwingine hatua moja kulia, mpaka yote ionekane haikupangwa.

Edwin hakuweza kuona upande wa nyumba, kwa hiyo alikuwa akimwuliza Hilary. Jiko la chuma lipo? Lipo, baba. Ukuta wa mama yako, ule alioutia alama za urefu wako kwa penseli? Upo. Hilary alikuwa ameingia ndani mara nyingi kunawa mikono. Jiko liliondolewa wakati wa baridi, na mahali pa ukuta ule palikuwa wazi, sasa sebule na chumba cha kupikia vimekuwa chumba kimoja kikubwa cheupe.

Mwezi Mei Philippa alileta mmea mmoja wa kutambaa, akasema huu ni wa kumpandia mzee. Angependeza sana, alisema, akiwa na kitu kinachompanda hadi begani. Kama mzee mwenyewe hana neno, bila shaka.

Hilary alichimba shimo mbele ya miguu ya baba yake. Akauweka mmea, akarudishia udongo, akaanza kuufunga ule mche kwenye suruali yake kwa kamba laini ya bustani, chini ya goti, kisha juu ya goti.

"Ni wa rangi gani?" Edwin aliuliza.

"Zambarau."

"Mama yako hakuipenda zambarau."

"Najua, baba."

Akaendelea kufunga. Kamba ikafika kiunoni.

"Ule ukuta wameubomoa, Hilary. Nilisikia. Mizizi inafika hadi chini ya sakafu ile."

Hilary alibaki ameinama, kichwa kikielekea tumboni mwa baba yake, fundo likiwa nusu. "Sikuweza kukuambia," alisema.

"Ulifanya vizuri. Lakini usinidanganye tena, maana sina pa kwenda kununa."

Akamaliza fundo.

Kiangazi bustani ilitoka kama ilivyochorwa, tena ikazidi. Katika siku ambazo wanakijiji hufungua bustani zao zitazamwe, watu walikuja kutoka mbali, wakala keki uani, wakamzunguka Edwin wakisifu. Waliuliza ana umri gani na kama humwagiliwa wakati wa kiangazi. Bibi mmoja alitaka kujua kama anaweza kupata kipandikizi. Edwin alikuwa bado anajibu salamu, lakini kwa kuchelewa, mara nyingine mtu akiwa ameshatoka getini. Supu aliikataa kuanzia Julai. Mwezi Agosti alimwita Hilary kwa jina la mama yake, na baada ya hapo hakumwita kwa jina lolote. Ule mmea ulifika begani, ukamzunguka shingo, ukafungua maua makubwa ya zambarau karibu na sikio. Hilary aliyakata yale yaliyomziba macho. Philippa alimwomba asikate mengi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wintercombe wageni walikuja, wenyeji wakaondoka nyumba kwa nyumba. Vuli ile ilikuwa zamu ya jirani, Doreen Crabb, mjane aliyekuwa akiuza mayai. Nyumba yake ilikwenda kwa rafiki zake Philippa. Asubuhi ya siku ya kuhama, Hilary aliona kupitia juu ya ua wa miti kwamba Doreen ametoka mbele ya nyumba yake. Alivua viatu, akavua soksi ndefu, akazikunja vizuri akaziweka ndani ya viatu, akasimama katikati ya kabichi zake.

"Alifanyaje baba yako?" aliuliza.

"Alisema alikuwa amesimama tu."

"Basi nami nasimama."

Alisimama. Mvua ikanyesha kidogo ikakoma. Hilary alimpelekea chai na mkate, akavila palepale. Mchana Doreen alijaribu kufumba macho. Alijaribu kuzamisha vidole. Akamuuliza Edwin kwa sauti kama kuna namna ya kupumua, wakangoja muda mrefu, lakini kutoka upande wa Edwin hakukuja kitu isipokuwa nyuki. Hilary alitamani amwambie ardhi inachagua, au ardhi haina haraka. Hakuwa na hakika na lolote kati ya hayo, akamshika mkono juu ya ua.

Alasiri mpwa wa Doreen alifika na gari. Alimtazama shangazi yake, akazima injini, akangoja kwa adabu. Mwishowe Doreen alinyanyua mguu mmoja. Ulitoka bila shida. Akanyanyua wa pili. Mpwa akamletea taulo, akamfuta matope katikati ya vidole, akamvisha soksi.

"Haikunitaka," Doreen alimwambia Hilary, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kusema leo mayai yamekwisha.

Wiki iliyofuata Philippa alikuja na habari njema. Rafiki zake wameipenda mno bustani, wanataka kama hiyo hiyo, na wanamtaka Hilary huyo huyo. Kulikuwa na jambo moja tu walilomtuma aulize.

"Hakuna mwingine kama baba yako, wa kusimama pale kati?"

"Bi Crabb alijaribu," Hilary alisema. "Hakushika."

"Ah, pole," Philippa alisema, na kweli alisikitika. Alifikiri kidogo. "Basi labda saa ya jua, ile ya jiwe na kivuli."

Hilary alichukua uma na toroli, akapita upande wa pili, akaanza kung'oa kabichi. Alipofika katikati alikuta nyayo mbili za Doreen, ubavu kwa ubavu, zimejaa maji ya mvua. Udongo wa hapo ulikuwa umeshindiliwa mno. Akauchimba kwa kina zaidi ya kwingine na kuuvunjavunja hadi ukalegea, kwa kuwa mahali kama hapo hapaoti kitu.