Dakika Nne za Kitanda cha Sita

Kiendeshi, programu inayoiendesha diski, binti alikiandika yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, akakionea fahari kama kifungua mimba. Kazi yake ilikuwa kusafisha diski ya mashine inayosoma mapigo ya moyo kwenye wodi aliyofanya kazi shangazi yake muuguzi.

Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Kobe, alimwonya mapema. "Dada, kitanzi chako, huo mzunguko wa amri za kufuta, hakipumui. Kikianza kufuta, kinaing'ang'ania prosesa, ubongo wa mashine, mpaka kimalize. Ongeza mstari mmoja tu, kila kikifuta vipande elfu vya diski, kizipishe kazi nyingine."

"Kobe, wewe hata ukinywa maji unapumzika mara tatu."

"Na sijapaliwa hata siku moja."

Binti akacheka, akakijaribu kiendeshi kwenye diski ndogo ya ofisini. Sekunde moja, kwisha. Mlinzi wa mfumo, programu ya kupiga king'ora prosesa ikikwama, alikuwa amemchosha kwa kelele tangu majaribio ya mwanzo. Kwa hiyo binti alikuwa amemziba mdomo, amemzima kabisa. Mashine ikapelekwa wodini vivyo hivyo.

Diski ya wodini ilikuwa kubwa mara mia mbili na arobaini. Kila adhuhuri kitanzi kilianza kufuta, na kwa dakika nne mashine haikusoma kitu wala kupiga kengele. Mlinzi angelisema siku ile ile ya kwanza.

Siku ya nane, simu ikaita.

"Mwanangu," shangazi alisema. "Mzee wa kitanda cha sita ametutoka. Nilipita pale. Alikuwa amegeukia ukutani, nikatazama kioo cha mashine. Mapigo sabini na mbili, mawimbi mazuri. Nikaenda kwa mwingine. Sasa wananiuliza nilikuwa natazama nini."

Binti akafungua kumbukumbu za mashine. Saa sita na dakika tatu, kimya. Saa sita na dakika saba, mstari wa moyo umelala. Sabini na mbili ilikuwa namba iliyoganda kiooni tangu kitanzi kilipoanza kufuta.

Aliongeza ule mstari mmoja. Haukumchukua hata dakika. Angeweza kuupeleka wodini kimyakimya, na shangazi akaubeba msalaba peke yake.

Akapiga simu.

"Shangazi, ulitazama vizuri. Kilichokudanganya ni kazi yangu."

Upande wa pili palisikika viatu vikiburutwa sakafuni, na mtu akilia.

"Basi njoo uyaseme hapa," shangazi alisema. "Wana wa yule mzee wamesimama mlangoni."