Jibini ya Bwana Kessler

Mume wangu Naftaly Njogu alipikia Wazungu kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote sikuonja hata kijiko kimoja cha chakula chake. Nyumbani hakuwa akipika. Alifika Majengo jioni, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chetu kimoja kizuri, kisha akanisimulia habari za bata aliyejazwa uyoga huku nikimpakulia githeri. Mimi nilikuwa nauza nguo kuukuu Gikomba, na masikio yangu yalikuwa yamechoka kushinda tumbo.

Basi siku moja, Julai mwaka wa sabini na tisa, alikuja na kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka mbele ya kanisa.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Jibini."

"Ya kula?"

"Ya kutunza."

Nikafunua. Zilikuwa tatu, za mviringo, nyeupe pepe, laini ukizigusa, kila moja upana wa sahani ndogo.

Naftaly alieleza bila kuvua viatu. Mwajiri wake, Bwana Kessler, alikuwa Mfaransa wa sehemu za mlimani huko kwao, mahali panapoitwa Alsasi. Shangazi yake anafuga ng'ombe na kutengeneza jibini inayoitwa Munster. Rafiki wa Bwana alikuwa akija Nairobi, na shangazi akampa tatu, tena mbichi, kwa sababu iliyoiva hakuna abiria angekubali kukaa nayo ndani ya ndege. Jibini hiyo huoshwa kwa maji ya chumvi kila baada ya siku mbili, inageuzwa, inawekwa mahali penye ubaridi na unyevu, wiki tatu hivi. Bwana alitaka kuiweka stoo. Lakini Madam Kessler, ambaye ni wa Paris, alimwambia achague, jibini au yeye.

"Na akachagua?"

"Alifikiri kwa muda mrefu kuliko Madam alivyopenda," Naftaly akasema. "Ndiyo maana imekuja hapa."

Kisha akaanza historia. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watawa walijenga nyumba yao katika bonde moja la milima hiyo. Walikuwa na ng'ombe na maziwa mengi, na siku nyingi hawakuruhusiwa kula nyama, ndipo wakajifunza kuyageuza maziwa kuwa kitu kinachokaa. Hata jina Munster limetokana na neno la nyumba ya watawa. Mpaka leo wachungaji wa huko hupanda na ng'ombe juu milimani theluji ikiyeyuka, wakashuka baridi ikirudi.

"Na hao watawa," nikasema, "nyumba yao ilikuwa na vyumba vingapi?"

Kwa sababu sisi tulikuwa na kimoja. Nyumba ya Bi Mumina, aliyetupangisha, ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na nyuma ua wenye bomba moja la maji. Binti yetu Wakiuru alikuwa shuleni Murang'a kwa bibi yake, kwa hiyo chini ya kitanda, mahali pa godoro lake, palikuwa na nafasi. Tukaziweka hapo, ndani ya sufuria kubwa, juu ya gunia lililoloweshwa.

Naftaly aliziosha mara ya kwanza, akinionyesha. Baada ya hapo kazi ikawa yangu, maana yeye alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Lavington. Nilichovya vidole kwenye maji ya chumvi nikazisugua polepole, juu, chini, pembeni, hadi ngozi yake ikawa inateleza. Zilianza kubadilika. Weupe ukawa manjano, manjano ikawa rangi ya papai. Nilijikuta nikizifunua hata siku ambayo si ya kuosha, kuangalia tu. Hilo sikumwambia.

Siku ya nane ndipo harufu ilipoamka. Kwanza ilikuwa ya maziwa lala. Siku ya kumi ikawa ya soksi. Siku ya kumi na mbili ikawa ya zizi la baba yangu baada ya wiki nzima ya mvua za masika, na siku hiyo ilitoka chumbani kwetu ikaenda kutembea.

Bi Mumina alipita koridoni ncha ya mtandio ikiwa puani. "Kuna panya amekufa humu," akatangaza. "Kila mtu avute kitanda chake!"

Tukavuta vitanda. Mimi nilivuta changu kwa kelele nyingi bila kukisogeza. Khalayi, mshonaji wa chumba cha mbele, alikuta bobini zake mbili zilizopotea tangu Pasaka, lakini panya hakuonekana. Bi Mumina akafuata pua yake mlango kwa mlango, mpaka akasimama kwa Omolo, jirani yetu ukutani.

Omolo alikuwa kijana mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi Industrial Area. Mlangoni pake palikuwa na gambuti zake za kazini.

"Nimempata panya," akasema Bi Mumina.

Maskini Omolo hakubisha. Aliziosha gambuti kwa sabuni ya unga. Harufu ikabaki. Akaziosha tena kwa majivu na ndimu, akazianika juu ya bati. Harufu ikazidi. Akanunua poda, akaanza kuoga asubuhi na jioni, akaacha kukaa na wenzake uani. Naftaly alikuwa akimsikia akisugua miguu bombani, naye anajifunika blanketi mpaka kichwani.

"Mwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeleta uvundo nyumbani mwa watu kwa hiari yangu?"

"Juzi uliniambia ni kazi ya watawa."

"Kwa Bwana ni ya watawa. Hapa ni uvundo."

Siku ya kumi na saba Omolo alinikuta nafua. Alichuchumaa mbali kidogo, upande ambao upepo ulikuwa unaelekea.

"Mama Wakiuru, wewe ni mtu mkweli," akasema kwa sauti ya chini. "Nanuka?"

Ningekuwa mtu mkweli ningemjibu. Badala yake nikasema, "Si sana." Aliinuka akaenda zake, na nguo iliyokuwa mkononi mwangu nikaifua mara tatu.

Jumamosi yake Bi Mumina alitukusanya uani. Alisema ameita mtu wa kupuliza dawa, na kila mpangaji atoe vitu vyake nje, hadi kijiko. Naftaly alikuwa nyumbani siku hiyo. Alininong'oneza kwamba angeweza kuipeleka sufuria kanisani, kwenye chumba cha vitabu vya nyimbo. Nikamwangalia. Kisha nikaingia ndani, nikaibeba sufuria, nikaiweka katikati ya ua na kufunua kifuniko.

Wote walirudi nyuma, Bi Mumina akiwa wa kwanza. Ni Omolo peke yake aliyesonga mbele. Aliinama, akavuta pumzi, macho yakamtoka.

"Si mimi!" akapiga kelele. "Jamani, si mimi!" Na akaivuta tena, kama mtu anayenusa waridi.

Naftaly hakuwa na pa kujificha. Aliomba radhi kwa Omolo, akaomba kwa Bi Mumina, kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasimama mbele ya watu, akawapa historia yote, watawa, bonde, ng'ombe na theluji. Bi Mumina alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watawa," akauliza, "walikuwa wanaume watupu?"

"Ndiyo, Bi Mumina."

"Bila hata mwanamke mmoja nyumbani?"

"Hata mmoja."

"Basi hakukuwa na wa kuwaambia." Akajifunga mtandio vizuri. "Mwenyewe aje. Leo."

Naftaly akaenda kupiga simu dukani. Baada ya saa moja Bwana Kessler aliingia koridoni ameinamisha kichwa, mtu mrefu mwenye soksi ndefu. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akapiga goti, akabonyeza jibini kwa kidole gumba, akafumba macho.

"Nani naosha hii?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Naftaly akafungua mdomo. Nilikohoa.

"Mke wangu," akasema.

Bwana Kessler alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema shangazi yake anaosha miaka arobaini, na hii ni kama ya shangazi. Wapangaji wote walinitazama. Sijui kama nilifurahi au niliona aibu, lakini mkono sikuutoa haraka.

Kisha akauliza kama kuna viazi. Jibini ya Munster, kwao, huliwa na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na mbegu fulani ndogondogo. Alizichora hewani kwa kucha. Bi Mumina alimtazama kwa dharau kidogo.

"Jira," akasema. "Ya pilau." Akaenda kuleta kopo lake.

Nilichemsha viazi. Tulikaa uani, mtu juu ya ndoo, mtu juu ya kigoda, Bwana Kessler juu ya karai lililopinduliwa. Alipokata jibini ya kwanza, ndani ilikuwa kama siagi iliyoanza kulainika juani. Kabla hajampa Bi Mumina, bibi huyo akainua kiganja.

"Maziwa haya yaligandishwa na nini?"

Bwana Kessler hakuwa mwongo. "Kitu ya tumbo ya ndama."

"Nani alimchinja ndama?"

Akafikiri. "Sijui, Mama."

"Bismillahi ilisomwa?"

"Nadhani... hapana."

Bi Mumina akala viazi kwa jira, akasema ni vitamu sana, na kwamba watawa wangeishia hapo. Omolo alikula nusu ya jibini peke yake, kwa kulipiza kisasi.

Mimi nilitia kipande mdomoni nikiwa nimeziba pua. Kisha nikaachia pua. Ladha haikufanana kabisa na harufu. Ilikuwa ya upole, ya malai, na kwa mbali kama njugu zilizokaangwa. Naftaly alikuwa ameacha kula, ananitazama.

"Je?" akauliza.

"Imepungua chumvi," nikasema, ingawa chumvi nilitia mimi. Nikachukua kipande kingine kikubwa zaidi.

Bwana aliondoka na mbili zilizobaki kwenye buti ya gari, sijui alizificha wapi. Jumatatu iliyofuata Bi Mumina alibisha mlangoni petu na jagi la maziwa. Alikuwa amefikiri. Kama shida ni ndama, akasema, yeye atagandisha kwa ndimu, na mimi nimfundishe kuosha.

Tuliosha pamoja wiki tatu, uani, mchana kweupe, na hakuna mpangaji aliyethubutu kuvuta mtandio wala leso. Kila asubuhi Bi Mumina aliinama juu ya sahani, akanusa, akatikisa kichwa. Jibini yake ilibaki nyeupe, ngumu, safi kama sabuni. Siku ya ishirini alimwita Omolo, kama mtu mwenye uzoefu, aje anuse.

Omolo alinusa kwa uangalifu, pande zote.

"Pole, Bi Mumina," akasema. "Hainuki hata kidogo."