Tayari Kabla ya Vitambuzi

Asubuhi, wafanyakazi wakiwa bado wanakusanyika getini, Sabina aliwasha kompyuta za kiwanda cha samaki pale Igogo. Programu inayosimamia zote ilianza kuziamsha programu nyingine, moja baada ya nyingine. Kila iliyokwisha kujiandaa ilituma neno moja, "tayari", na taa yake kwenye skrini ikawa kijani. Iliyokawia ilizimwa na kuwashwa upya.

Ya vitambuzi vya gesi ilikawia. Ikazimwa, ikawashwa, ikakawia tena.

"Nimeizuia mimi," alisema Luhaga.

Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Luhaga ndiye aliyeiandika programu hiyo, na mwaka jana walimzika kwao Magu. Sabina alimsogezea kikombe cha chai. Tangu msiba ule, kuna siku Sabina alirudi nyumbani akiwa hajazungumza na mtu yeyote.

"Mwangaluka," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Vitambuzi havijapata moto. Vipe muda."

Sabina alijua. Mwaka jana, kwa agizo la meneja, programu ile ilikuwa ikituma "tayari" mara tu inapoamka, vitambuzi vikiwa bado havinusi kitu, ili kazi ianze mapema. Asubuhi moja amonia, gesi ya mitambo ya baridi, ilivuja wakati huohuo, na Luhaga alikuwa ndani ya chumba cha baridi.

Meneja, Bwana Shigela, aliingia. Aliitazama skrini, kisha akamtazama Luhaga.

"Habari za huko, Luhaga?"

"Nzuri, bosi. Kumetulia mno."

"Pole. Sabina, watu wamesimama nje, samaki wanaharibika. Ifanye itume tayari ikiamka tu, kama zamani."

"Bosi, vitambuzi bado havi..."

"Kama zamani, Sabina."

Sabina alimgeukia Luhaga. Luhaga aliinamia chai yake. Sabina akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Taa zote zikawa kijani, meneja akatoka, na wafanyakazi wakaingia vyumba vya baridi wakitaniana.

Luhaga alinyanyuka.

"Unakwenda wapi? Ndiyo kwanza umekuja."

"Wako ndani, na hakuna kinachonusa. Ngoja nikanuse mimi."

"Kesho utakuja?"

"Ukiwasha."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu. Sabina alikaa peke yake mbele ya taa za kijani, akipanga namna ya kuwahi zaidi kesho, ili wapate kuongea kidogo kabla watu hawajafika getini.