Mashine ya Kagunga

Bwana Pastory alivaa tai Ijumaa ile, na kwa joto la mtaa wa Mwanga mtu havai tai bure. Wafadhili walikuwa wanakuja. Ofisi yake ndogo, iliyohifadhi sauti za Warundi waliopotezana na ndugu zao njiani wakikimbia kwao, ilifagiliwa hadi chini ya makabati. Melania, fundi wa kompyuta, aliambiwa akae nyuma na asiseme neno mpaka aulizwe. Alikaa. Alimdharau mkuu wake kwa moyo mkunjufu, na dharau hiyo ndiyo iliyomfanya avumilie kazi.

"Mashine zinazotunza sauti hizi haziko hapa," Pastory aliwaambia wageni, akinyoosha kidole juu utadhani ziko darini. "Tumezikodi ng'ambo. Zimeandikwa zote kwenye faili hili. Nikitoa amri, kilichoandikwa ndicho kinachokuwepo, kisichoandikwa hufutwa."

Maneno hayo Melania alimkaririsha asubuhi, kama mtoto wa chekechea. Alichokuwa hajui ni kwamba baada ya somo bwana huyu alilipunguza faili ili lote lienee kwenye picha iliyomulikwa ukutani, mbele ya wageni. Alikifuta kifungu cha mwisho, cha mashine ya sauti za Kagunga, kwa sababu hakukumbuka kazi yake.

Pastory aliandika amri. Kabla ya kutenda, programu ilionyesha inachokusudia kufanya: mstari mmoja mwekundu, *Kagunga itafutwa*. Chini yake ikaomba neno la kukubali.

Melania aliuona mstari ule. Aliona pia tai, jasho na kile kidole kilichojaa kiburi, akajisemea moyoni: acha aumbuke. Si ameniambia ninyamaze?

Pastory alikubali bila kusoma. Mashine ikafutika. Wageni, ambao nao hawakusoma, wakapiga makofi.

Hakuna aliyeumbuka. Melania alikuwa bado anaimeza hasira yake wakati Anésie alipobisha hodi, kanga yake ikinuka dagaa wa soko la Kibirizi. Kila Ijumaa mama huyu alikuja kumsikiliza marehemu mumewe, Havyarimana, aliyerekodiwa ufukweni Kagunga, kijiji cha mpakani walikofikia wakimbizi, siku chache kabla kipindupindu hakijamchukua. Hakuwa na picha yake hata moja.

Melania alimsogelea mkuu wake, akamnong'oneza kwamba mashine ya Kagunga imefutika.

"Si uiandike tena?" Pastory alijibu, akiwatabasamia wageni.

Melania aliiandika. Akatoa amri, na mashine ikazaliwa upya, jina lilelile, ukubwa uleule. Ndani hamkuwa na kitu. Nakala ya akiba Pastory aliikataa zamani, maana haipendezi kwenye picha za ripoti.

"Imerudi?"

"Imerudi tupu, bosi."

"Basi, imerudi," alisema, akawageukia wageni. "Na huyu mama ni mmoja wa wanufaika wetu. Karibu, mama, kaa usikilize."

Melania alimtazama mtu yule, akatafuta ile dharau yake ya kila siku ajifiche ndani yake. Haikumtosha tena, maana mstari mwekundu yaliuona macho yake, si ya Pastory.

Anésie alikuwa ameshavaa vipokea sauti. Alifumba macho, uso ukiwa tayari kutabasamu. Mgeni mmoja akampiga picha.

"Mwanangu," Anésie alisema bila kufumbua macho, "mbona leo haongei?"

Sasa Melania alikuwa ameulizwa. Anésie alivikandamiza vipokea sauti masikioni kwa mikono yote miwili, akasubiri.