Chupa ya Kiunga

Chupa kumi na sita za kwanza za sampuli za maji ya bahari Munyiva alizifungua bila shida. Kazi yake, katika ofisi ndogo ya utafiti wa bahari huko Hurlingham, ilikuwa kutambua kopepodi, wanyama wa baharini wadogo kama punje ya chumvi, wanaoelea na maji kwa maelfu. Aliwatazama kwa hadubini, akawatenga spishi kwa spishi, akaandika kila spishi imepatikana kituo gani, kuanzia Vanga, kusini mwa pwani, hadi Kiunga, kaskazini kabisa.

Ya kumi na saba ilitoka Kiunga. Aliyeijaza alikuwa amebania dawa ya kuhifadhi, na sampuli yote ilikuwa imeoza. Kifuniko kilipolegea tu, uvundo ukamvaa usoni: matumbo ya samaki yaliyolala juani, na ndani yake utamu fulani. Utamu huo ndio uliomtapisha. Akaifunga, akaisukuma nyuma ya kabati, kisha akanakili orodha ya kituo jirani na kuipa Kiunga.

Jioni, nyumbani Kangemi, alioga mara mbili. Harufu ilibaki kwenye kucha, na ugali ukamshinda.

Miezi miwili baadaye akaja Daktari Peres Omollo, mtaalamu wa kopepodi, kukagua ramani ya spishi hizo kabla ripoti ya utafiti haijatoka. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Aliweka kidole kwenye nukta ya Kiunga na kusema spishi moja iliyoandikwa pale hajawahi kuiona kaskazini hivyo. Alifurahi kweli. Akaomba aletewe dume mmoja autazame mguu wa tano, maana ndio unaoitambulisha spishi. Meneja, Mulwa, akaanza kumpongeza Munyiva, kisha akatoka kupokea simu.

"Hii chupa uliifungua?" Peres aliuliza walipobaki wawili.

"Nilifungua nikafunga, Daktari. Ilikuwa inanuka. Hizo namba nilitoa kwa kituo ingine."

Peres alivuta kiti karibu na hadubini. "Basi lete chujio."

Kwa siku tatu Munyiva alipekua ule uji wa kijivu kwa sindano, miili ikimeguka na kunata, huku akikimbilia chooni kutapika kila mara. Peres alikaa kando yake akila mandazi, akijifuta mafuta vidoleni kabla ya kushika kisahani kingine. Munyiva alimchukia kwa kule kula kwake.

Walipata kopepodi thelathini na mmoja wanaotambulika. Spishi ile haikuwemo.

Nukta ikafutwa. Peres akazirudia chupa nyingine zote, akakuta ziko sawa, na akamwambia Mulwa hivyo, pamoja na habari ya Kiunga. Mulwa aliondoa jina la Munyiva kwenye ripoti, lakini kazi akamwachia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walimzunguka Munyiva wakimwomba aje awaeleze watoto wa Sunday school kazi ya sayansi. Wewe ndiye mfano wetu hapa, walisema. Munyiva alitabasamu, akaahidi kuja, na ule utamu wa chupa ya Kiunga ukamrudia puani.